Mrusho Mrefu wa Nyuzi 30

Mpira ukitoka nje karibu na kibendera cha kona, kwenye viwanja vya shule vya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, watazamaji husogea mstarini kabla mwamuzi hajaonyesha ni wa nani. Wanajua nani anakuja kuurusha. Mara nyingi ni beki aliyekatiza uwanja mzima kwa kazi hiyo moja. Anaupokea, anaufuta udongo mwekundu kwa pindo la jezi, anatandaza viganja nyuma ya mpira mpaka vidole gumba vikaribiane, kisha anarudi hatua chache nje ya mstari. Mabeki wa upande wa pili wanaanza kuvutana mbele ya kipa wao.

Ufundi huu haujapewa heshima yake. Goli likiingia, sifa zote humwendea aliyepiga kichwa. Mimi nauweka juu ya mpira wa adhabu, kwa sababu sheria imemnyima mrushaji karibu kila kitu: lazima atumie mikono miwili, mpira utokee nyuma ya kichwa na kupita juu yake, na anapouachia miguu yote iwe imegusa ardhi, mstarini au nje yake. Hawezi kuruka, wala kuzungusha mkono mmoja. Amebakiziwa mgongo wake na pembe. Fidia aliyopewa ni moja, nayo ni kubwa: mpira wa kurusha hauna kuotea.

Pembe ndiyo siri yenyewe. Kila aliyesoma fizikia sekondari anakumbuka nyuzi 45. Galileo, katika kitabu alichochapisha mwaka 1638, alionyesha kwamba kitu kilichorushwa huchora parabola, na kwamba kikitua kwenye usawa kilikoanzia, nyuzi 45 ndizo zinazokifikisha mbali kuliko zote. Hesabu hiyo ni sahihi, ila inachukulia kwamba kasi ni ileile kwa kila pembe, na mwili wa binadamu haufanyi kazi hivyo. Kuurusha mpira kuelekea juu ni kuuachia mapema, mikono ikiwa bado nyuma, kabla mabega hayajamaliza kusukuma. Mpira unapaa vizuri, lakini kasi imebaki mgongoni. Mwaka 2006 Nicholas Linthorne na David Everett wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, walimrekodi kwa video mchezaji akirusha kwa pembe nyingi tofauti. Mirusho iliyofika mbali zaidi ilikuwa ya karibu nyuzi 30. Kijana wa Kyerwa au Karagwe hufika hapohapo bila kipimapembe, kwa kurusha jioni baada ya jioni.

Na kuna faida ya pili, ambayo kwangu ni tamu kuliko umbali. Chukua mpira ulioachiwa kwa mita 18 kwa sekunde kutoka kimo cha mita 2.3, uiache hewa kando kwanza. Kwa nyuzi 45 hupanda zaidi ya mita 10 na hukaa angani karibu sekunde 2.8. Kwa nyuzi 30 hauvuki mita 6.5, na unagusa chini baada ya sekunde 2 na kidogo. Tofauti hiyo inamtosha kipa kutoka golini na kuudaka juu ya vichwa vyote. Mrushaji anayekubali kuupoteza urefu wa kwenda juu anamfungia kipa mlango.

Hewa nayo ina neno lake. Nyanda za Karagwe na Kyerwa ziko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 14. Kinachouzuia mpira hupungua, kwa hiyo mrusho uleule hufika mbele kidogo kuliko Dar es Salaam. Hata hivyo, wengi waliujua mwendo wa mpira kwa chombo kingine kabisa: mpira wa majani makavu ya mgomba, yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba za mgomba huohuo, tabaka juu ya tabaka. Ukiwa mwepesi kwa ukubwa wake, hewa huukamata mapema. Huanza vizuri, kisha huchoka na kushuka wima. Mtoto aliyeuzoea hujifunza kulenga mbele ya lengo. Siku akipewa mpira halisi wa gramu zaidi ya 400, mrusho wa kwanza hupita juu ya kila mtu.

Warusha mkuki huijua hesabu hii ya pembe. Nao huuachia mkuki chini ya nyuzi 45, akiwemo Julius Yego wa Kenya, aliyetwaa ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72. Rory Delap, ambaye mirusho yake iliwasumbua makipa wa Ligi Kuu ya Uingereza akiwa Stoke City, alirusha mkuki alipokuwa shuleni.

Tazama vidole vya mrushaji mzuri mwishoni. Vinauachia mpira kwa kuukwangua kwa chini, nao unaondoka ukijizungusha kinyumenyume; mzunguko huo huufanya ubebwe na hewa na kuchelewa kushuka. Kipa mjuzi hutazama kiuno cha mrushaji: kikipinda sana nyuma, mpira unakwenda nguzo ya mbali. Ndiyo maana walio hodari zaidi hupinda mgongo kwa kiasi kilekile kila mara, hata wanapomrushia mwenzao aliye hatua tatu mbele yao.