Mashine ya Chapa na Herufi za Kiswahili

Mwaka 1979 Elizabeth Eisenstein, mwanahistoria wa Marekani, alitoa juzuu mbili ziitwazo The Printing Press as an Agent of Change. Hoja yake ni kwamba mashine ya chapa, tangu ilipozuka Mainz katikati ya karne ya 15, iliyapa maandishi uthabiti ambao wanakili wa mkono hawakuweza kuyapa, na kwa hiyo ikageuza elimu na dini katika Ulaya. Adrian Johns alimjibu mwaka 1998: uthabiti huo haukutoka katika chuma, bali ulijengwa na wachapaji na wauza vitabu waliobishana na kupatana kwa miaka mingi. Wote wawili waliitazama Ulaya. Pwani ya Afrika ya Mashariki ina ushahidi wake, nao wamwelemea Eisenstein.

Mjini Unguja chombo hicho kilifanya kazi mbili zisizofanana. Misheni ya Kiingereza ilihamia huko mwaka 1864, na Edward Steere akachapa Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Karibu na mwaka 1880 Sultani Barghash naye alianzisha kiwanda chake cha chapa, kikatoa vitabu vya sheria vya madhehebu ya Ibadhi, kwa lugha ya Kiarabu. Mji ni mmoja na chombo ni kimoja. Kama chuma ndicho mwamuzi, mbona kilitoa hukumu mbili? La kustaajabisha zaidi ni kile kilichoachwa katikati. Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ambacho nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728 yashuhudia umri wake, hakikupata mlezi kwa upande wowote. Misheni haikukitaka, na kwa ulamaa wa Sultani kitabu cha elimu kilikuwa cha Kiarabu.

Husemwa kwamba herufi hizo zilishindwa kwa upungufu wake: hazina p wala v wala ch, na e haitengwi na i, hata msomaji apaswa kulijua neno kabla ya kulisoma. Ni kweli. Lakini Waajemi waliongeza nukta, na vitabu vyao vikachapwa kwa wingi. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alizidisha alama zake mwenyewe, hata akaitenga t ya meno na t ya ufizi, jambo ambalo tahajia ya vitabu vya shule hailifanyi mpaka leo. Ugonjwa ulikuwa na dawa.

Sababu na itafutwe kwingine. Ludwig Krapf alizichagua herufi za Kirumi katika sarufi yake ya mwaka 1850, kabla ya kiwanda cha Steere, na hofu ya kuueneza Uislamu ilikuwa miongoni mwa sababu zake. Serikali ya Wajerumani hapo awali iliwaandikia majumbe kwa herufi za Kiarabu. Shule zake zilipokwisha kutoa makarani wa herufi za Kirumi, mwandiko wa kale ukakosa mshahara. Mwandiko usio na mshahara hauhitaji kupigwa marufuku.

Hata hivyo Eisenstein asinyimwe haki yake. Tahajia ikishapangwa kwa risasi na kuchapwa kwa maelfu, ni vigumu kuigeuza, na Kimvita cha washairi kikajikuta lahaja ya pembeni. Lakini Kiunguja kilichaguliwa na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati ya mwaka 1930 ndiyo iliyovipitisha vitabu. Mashine ilikaza fundo lililofungwa na watu.

Siku hizi hoja ile ile imevaa nguo za kompyuta, kwamba miswada ya kale imekosa wasomaji kwa kuwa mitambo haiijui. Kompyuta sasa zinazo herufi za Kiarabu pamoja na nyongeza za Waajemi. Miswada ya Kiswahili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliorodheshwa na J. W. T. Allen katika kitabu cha mwaka 1970. Mwanafunzi wa fasihi aweza kupata shahada yake bila kuweza kusoma hata ukurasa mmoja wa mwandiko huo. Kinachokosekana ni saa chache katika ratiba, na mwalimu wa kuzifundisha.