Upande wa Ndani wa Kioo

Mtu anayeishi Kimara au Mbezi na kufanya kazi katikati ya jiji la Dar es Salaam hupigwa na jua la usoni mara mbili kwa siku. Asubuhi Barabara ya Morogoro inampeleka mashariki, ambako jua linachomoza. Jioni inamrudisha magharibi, ambako linazama. Huku karibu na ikweta hakuna msimu wa nafuu, maana mwaka mzima jua huchomoza na kuzama kwenye mida ileile ya foleni. Dereva aliyetoka na kioo alichokiona safi kabisa, jua likimwelekea tu, ghafla haoni. Kioo chote kinageuka cheupe. Taa za breki za gari la mbele zinafifia, bodaboda inayokatiza inaonekana kivuli. Anarusha maji, waipa zinapita, zinapita tena, na hakuna kinachobadilika, kwa sababu uchafu wenyewe uko ndani.

Kioo cha mbele kina watunzaji wengi upande wa nje: mvua, waipa, vijana wa kwenye mataa wenye chupa za maji ya sabuni. Upande wa ndani hauna mwenyewe. Huguswa siku kikifunga ukungu, dereva anapopangusa kwa kiganja, na kiganja kinaacha alama ya mafuta itakayokaa hapo miezi. Ndiyo maana nawaheshimu sana watu wachache wanaojua kuusafisha upande huu ukasafika.

Utando wa ndani hautokani na vumbi peke yake. Sehemu yake kubwa hutoka kwenye gari lenyewe. Dashibodi za magari mengi ni za plastiki iliyotiwa vilainishi ili isikakamae wala kupasuka. Gari likiachwa juani vioo vimefungwa, dashibodi hupata joto la kuzidi nyuzi 60, vilainishi vinaanza kutoka kama mvuke usioonekana, na mvuke huo ukikutana na kioo kilichopoa unaganda juu yake. Harufu ya gari jipya ambayo watu huifurahia ni sehemu ya mvuke huohuo. Juu yake ongeza pumzi za abiria, mafuta ya ngozi, moshi wa sigara kwa wanaovuta, na vumbi ambalo matundu ya hewa hulipuliza moja kwa moja kwenye kioo. Kibaya kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni polishi ya dashibodi. Nyingi zina silikoni. Dashibodi inang'aa kama imepakwa samli, mng'ao wake unaakisiwa kwenye kioo mchana kutwa, na silikoni yenyewe inahamia kwenye kioo kidogo kidogo, kwa mvuke na kwa vitambaa vya kufutia.

Utando huu ni mwembamba kiasi kwamba mchana wa kawaida mwanga hupenya bila mtu kugundua kitu. Lakini mwanga ukitokea mbele, ukiwa chini, ukilenga macho ya dereva, kila chembe ya mafuta huutawanya pande zote, na mwanga huo uliotawanyika ndio unaoifunika barabara.

Fundi ninayependa kumtazama anafanyia kazi chini ya mkungu, pembeni ya sehemu ya kuoshea magari huko Kimara. Wenzake wana pampu, povu na muziki. Yeye ana ndoo mbili zenye vifuniko, chupa ya kupulizia na vitambaa vilivyokunjwa vizuri. Mteja akifika, kazi haianzi. "Shikamoo mama. Naomba uzime gari, tufungue milango yote, kioo kipoe kwanza." Na kweli anasubiri. Kwenye kioo cha moto maji hukauka kabla kitambaa hakijayachukua, na kila kilichokuwamo kwenye maji hayo kinabaki pale. Michirizi mingi unayoiona kwenye magari ya watu haikuletwa na uvivu. Imeletwa na kufanya haraka juani.

Wakati kioo kinapoa, anapangusa dashibodi kwa kitambaa chenye unyevu, bila polishi ya aina yoyote, ili mkono wake ukija kugusa pale baadaye usibebe mafuta mapya. Kisha anaingia, anakaa kiti cha abiria, na anapumulia kioo kwenye kona. Pumzi inatua. Kwenye kioo kisicho na mafuta unyevu huenea sawasawa, ukawa utando mmoja wa maji unaoondoka kwa pamoja. Kwenye kioo chenye mafuta hukusanyika vitone vitone, na vitone hivyo huchora kila kitu kilichowahi kupita hapo: vidole, kiganja, duara za aliyesafisha mara ya mwisho. Anazitazama duara hizo kwa makini. Zinamwambia uchafu umelundikwa wapi.

Kwa maana michirizi ni uchafu uleule, umehamishwa tu. Mafuta hayaondoki kwa nguvu za mkono. Ukiyasugua kwa kitambaa kikavu yanatandazwa. Ukiyasugua kwa kitambaa kimoja chenye maji yanatoka katikati, yanakwenda pembeni, yanarudi. Inabidi yabanduliwe kwenye kioo, yabebwe, na maji yaliyoyabeba yaondolewe yangali maji. Kwa hiyo anakipita kioo kimoja mara tatu, kila mara kwa kitambaa tofauti. Mara ya kwanza ni maji ya vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kitambaa kikiwa kimekamuliwa mpaka hakidondoshi. Mara ya pili ni maji matupu, kwa sababu sabuni iliyobaki nayo ni mchirizi. Mara ya tatu ni maji na spiriti, nusu kwa nusu.

Hiyo ya tatu ndiyo ya kutazama kwa karibu. Hapulizii kioo hata siku moja, kwa sababu matone yatateremka kwenye matundu ya hewa na kwenye redio; anapulizia kitambaa. Mkono wa kulia unashika hicho chenye unyevu, wa kushoto unashika kikavu, na vinafuatana vikiachana kwa upana wa kiganja. Cha kwanza kinalowesha, cha pili kinameza, na kati yao kuna ukanda mwembamba wa majimaji unaometa ambao haupewi nafasi ya kukauka wenyewe. Mstari mmoja ukiisha, anageuza kitambaa kikavu upande mwingine kabla ya kuanza unaofuata. Kitambaa kikikunjwa mara mbili kinampa nyuso nne upande mmoja na nne upande wa pili, na kila uso ukishapata unyevu haurudi kwenye kioo. Kazi hii wengi huifanya kwa uso mmoja tu mpaka mwisho. Kuanzia mstari wa tatu wanakuwa wanapaka.

Mistari yake ya ndani yote ni ya kulala, kutoka mlango hadi mlango. Akitoka nje kumalizia upande wa pili, anapangusa kwa mistari ya wima. Mchirizi ukionekana baadaye, mwelekeo wake unasema uko upande gani, na hakuna haja ya kusafisha pande zote mbili upya.

Maji anayochanganya na spiriti hayatoki bombani. Maji ya visima vya Dar es Salaam sehemu nyingi yana chumvi, na hata maji laini ya bomba yana madini kidogo ambayo, maji yakishakauka, hubaki kama madoa meupe. Kwa mara hiyo ya tatu anakinga maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi cha duka la jirani. Maji hayo ni unyevu wa hewa uliopozwa ukawa maji, hayakupita kwenye mwamba wowote, kwa hiyo karibu hayana madini. Yakikosekana hununua kituo cha mafuta yale maji yaliyotoneshwa ya kuongezea betri. Kuhusu spiriti pia ana msimamo. Zipo za dawa zilizochanganywa na mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi, nzuri kwa kidonda na hasara tupu kwa kioo. Anaijaribu kwa kudondosha tone kwenye kipande cha kioo cha meza na kuliacha likauke. Likiacha duara, chupa inarudi dukani. Dawa za vioo zenye amonia hazigusi kwenye gari lenye tinti, kwa sababu amonia huharibu karatasi ya tinti mpaka ikatoka mapovu.

Wazee wa kazi hii walitumia gazeti, na walikuwa na sababu. Karatasi ya gazeti haiachi nyuzi kama tambara la pamba, inanyonya maji vizuri, na ina ukwaruzo mdogo unaosaidia kubandua uchafu. Tatizo lake ni wino unaoshika mikono na kuchafua kitambaa cha paa na plastiki za pembeni. Maikrofaiba imelishinda kwa sababu ya umbo lake. Nyuzi zake za poliesta na nailoni hupasuliwa zikawa nyembamba mno, nyembamba kuliko unywele mara nyingi, zenye kingo kali badala ya kuwa za mviringo. Kingo hizo hukwangua utando, na nafasi zilizo katikati ya nyuzi hunyonya kilichokwanguliwa. Kwa kioo anachagua zile zenye mfumo wa kufuma bapa, zisizo na manyoya marefu. Zenye manyoya ni za kukaushia bodi.

Kisha ipo ile sehemu ya chini kabisa, kioo kinapokutana na dashibodi. Kwenye Land Rover za zamani kioo kilikuwa bapa na kimesimama, mkono ukifika bila shida. Magari ya sasa vioo vyao vimelala ili hewa ipite kirahisi, na pale chini panabaki ufa ambao kiganja hakiingii. Watu wengi huishia vidole vinapogota, wakaacha ukanda wa uchafu upana wa vidole vitatu kwenye kioo kizima. Yeye anageuza mkono: mgongo wa kiganja unaelekea dashibodi ukawa umelala juu yake, vidole vinasukuma kitambaa mbele mpaka kikagota. Anakwenda hivyo taratibu kutoka kona hadi kona, akiwa amejipinda kwenye kiti, shavu karibu liguse usukani. Hakuna mteja aliyewahi kuiomba sehemu hiyo. Yeye anaisafisha hata hivyo.

Magari mengi yanayokuja kwake yametumika Japani kwanza, na bado yana stika za huko juu ya kioo, zikiwa zimekaushwa na jua mpaka hazibanduki. Anazilowesha kwa mafuta ya taa, anasubiri gundi ilainike, anakwangua kwa ubao wa plastiki. Wembe anautumia akilazimika, kwenye kioo kitupu. Kwenye tinti hautumii, wala kwenye kioo cha nyuma chenye nyaya za kuondolea ukungu. Huko hupangusa kufuata mkondo wa nyaya, kidogo kidogo.

Namheshimu pia kwa anayoyakataa. Kuna weupe usiosafishika. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyenye karatasi ya plastiki katikati. Ubunifu huo, wa mkemia wa Ufaransa Édouard Bénédictus, aliyepata hataza yake mwaka 1909, ndio unaofanya kioo kikipasuka vipande vishikamane badala ya kumrukia mtu. Gari likizeeka, plastiki ile inaweza kuachana na kioo kwenye kingo, na hapo huingia weupe wa mawingu uliomo katikati, ambao kitambaa hakiufikii. Vilevile mchanga wa barabarani ukikidonoa kioo kwa nje miaka mingi, kila kidonda kidogo hutawanya mwanga. Anapitisha kucha, anaangalia kwa pembeni, kisha anamwambia mwenye gari ukweli: "Mama, hii haitoki. Nisikudanganye nikachukua hela yako."

Akimaliza hajiamini mpaka ajaribu. Anawasha tochi ya simu, anaiweka nje, juu ya boneti, ikielekea kiti cha dereva, naye anakaa palepale dereva anapokaa. Mistari myembamba ya uchafu huutawanya mwanga kwa kukatiza mwelekeo wa mistari hiyo: michirizi ya kulala huivuta taa iwe ndefu kwenda juu na chini, na duara za kusugua huizungushia miale kila upande. Kwenye kioo kilichokamilika tochi inabaki nukta. Akiona mwale hata mmoja anapulizia kitambaa na kurudi pale pale.

Kazi yake imeongezeka kwa madereva wa mabasi ya mikoani, ambayo tangu 2023 yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Vioo vyao ni vikubwa kuliko mlango wa nyumba, na dereva anayekwenda Mwanza au Mbeya hukabiliwa na taa za malori usiku kucha. Kwa basi anasimama juu ya kigoda, anagawa kioo vipande vinne, na anamaliza kipande kimoja kabisa, mara zote tatu, kabla ya kugusa kingine, kwa sababu kioo kile ni kikubwa mno kwa mkono mmoja kuwahi maji yasikauke.

Jioni anafua vitambaa vyake mwenyewe. Anatumia sabuni kidogo na maji mengi, bila dawa ya kulainishia nguo, kwa sababu dawa ile huacha mafuta kwenye nyuzi na kesho yake mafuta hayo yatakuwa kwenye kioo cha mtu. Anavianika kwenye kamba, mbali na vumbi la barabara, na vikikauka vinaingia kwenye ndoo yenye kifuniko. Mwenzake akimwomba kitambaa cha kufutia rimu anampa, lakini anakitoa kwenye rundo jingine.