'Kuchoma' na 'Awamu': Istilahi Mbili za Diski za Leza

Istilahi njema haina budi kumwonyesha msomaji jinsi kitu kinavyofanya kazi, au angalau isimpoteze. Kwa kipimo hicho tunapenda kuyapima maneno mawili yatumikayo katika habari za diski za leza, yaani 'kuchoma' na 'awamu'.

Neno 'kuchoma' limetoka kwa watumiaji wenyewe, nasi hatulidharau. Kwa diski ya kuandikwa mara moja tu linafaa: leza hulipasha joto tabaka la rangi, rangi ikageuka, wala hairudi tena katika hali yake ya awali. Lakini diski ya kuandikwa na kufutwa ni jambo jingine. Ndani yake mna tabaka jembamba la aloi, kwa mfano ile ya gerimani, antimoni na teluri. Leza yenye nguvu huyeyusha doa dogo kwa joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi. Doa likipoa ghafla, atomu zake hukosa mpangilio, na nuru inayoakisiwa hupungua. Likipashwa tena joto lisilofikia kuyeyusha, atomu hujipanga kuwa fuwele, na maandishi hufutika. Hapa hakuna kilichoungua. Kuiita kazi hiyo 'kuchoma' ni kumwahidi mtunza majalada udumifu usiokuwapo: ataweka daftari la vizazi na vifo katika diski ambayo mwingine aweza kuifuta.

'Awamu' lina kosa kubwa zaidi. Kwetu neno hili ni la wakati: twasema awamu ya kwanza ya ujenzi, na awamu ya pili. Asomapo 'aloi za kubadili awamu', mwanafunzi atadhani pana hatua za kazi zinazofuatana. Kumbe kinachobadilika ni hali ya maada, na neno 'hali' tunalo. Mwalimu hulitumia kila afundishapo habari za barafu, maji na mvuke.

Yawezekana mtu akapinga kwamba hapa aloi ni yabisi mwanzo na mwisho, hivyo hali haikubadilika. Tunajibu kwamba yabisi yenyewe ina hali zaidi ya moja: ya fuwele, na isiyo ya fuwele. Kioo na chumvi vyote ni yabisi, lakini chumvi ni fuwele na kioo sicho.

Jambo hili si dogo. Katika diski za sauti zilizotoka mwaka 1982, mistari ya alama iliachana kwa mikroni 1.6, katika diski za Blu-ray huachana kwa mikroni 0.32, na tabaka moja hubeba gigabaiti 25. Kadiri mengi yanavyosongamana mahali padogo, ndivyo hasara ya neno moja potofu inavyokua.

Kwa hiyo tunapendekeza 'kupiga chapa' kwa diski za kiwandani, 'kuchoma' kwa zile za mara moja, 'kuandika' na 'kufuta' kwa zile za kurudiwa, na 'badiliko la hali' mahali pa 'badiliko la awamu'.