Gemu Inamtendeaje Aliyeondoka? Mwongozo wa Kupima Dunia za Kubuni za Mtandaoni

Mtu akisifia gemu mpya ya mtandaoni, mara nyingi huanza na picha: joka linavyotema moto, upanga unavyong'aa, misitu inavyotikiswa na upepo. Picha ndiyo inayoonekana kwanza, na ndiyo inayozoeleka upesi. Mjuzi wa gemu hizi, zile ambazo maelfu ya watu huingia katika dunia moja ya kubuni, kila mmoja na mhusika wake, mchawi au shujaa au fundi wa silaha, ana swali lingine la kuanzia: nikitoka humu mwezi mzima, nikirudi nitakuta nini? Hoja ya mwongozo huu ni kwamba swali hilo linatenganisha gemu nzuri na mbaya kuliko vipimo vingine vyote. Na mahali pa kulijaribia ni Milola, siyo Seoul wala Stockholm. Milola, ndani ya mkoa wa Lindi, mchezaji hutoka bila kupenda. Msimu wa kupulizia salfa mikorosho ukifika, au ufuta ukiwa tayari kukatwa, au korosho zikianza kudondoka kuanzia Oktoba, simu hukaa mfukoni siku nzima. Umeme ukikatika chaji inaisha, na bando likiisha kabla ya korosho kuuzwa ghalani, jipya linasubiri. Gemu inayomstahimili mchezaji wa namna hiyo imetengenezwa vizuri. Inayomwadhibu ina kasoro, hata ikiwa mchezaji wa mjini mwenye umeme na mtandao wa kudumu hajaiona.

Kabla ya kupima, ni haki kueleza utamu wake, maana wapo wanaodhani ni ugonjwa wa vijana wa leo tu. Pwani yetu iliyajua haya mapema. Tangu miaka ya 1890, kuanzia Lamu na Mombasa, kisha Tanga, Dar es Salaam na kwingineko hadi Nyasaland, watu walicheza ngoma ya beni. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Karani, mpishi au mpagazi wa bandarini alivaa sare, akapewa cheo, akawa jenerali au daktari ndani ya chama chake. Juu kabisa alikuwepo kingi. Vyama vikubwa viwili, Marini na Arinoti, vilishindana mji kwa mji, na mwanachama aliyehamia mji mwingine alipokelewa na tawi la huko. Wanawake nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama. Vyama vilizika wafu wao na kusaidiana shidani. Vilevile vilikula fedha: sare, vyombo na karamu za kumshinda mpinzani viliwatia watu madeni. Mwenye gemu ya leo atatambua kila kitu hapo, cheo usichokipata kazini, chama kinachokungoja, mashindano yanayokupandisha gharama. Tofauti ni kwamba beni ilikuwa mali ya waliocheza. Gemu ni mali ya kampuni, na kampuni hupata faida kadiri unavyoshindwa kutoka. Ndiyo maana namna ya kutoka ndiyo inayopaswa kukaguliwa.

Historia ya gemu zenyewe inathibitisha kwamba suala hili si dogo. Dunia ya kwanza ya aina hii ilikuwa ya maandishi matupu, ilitengenezwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza. Baadaye zikaja Ultima Online mwaka 1997 na EverQuest mwaka 1999. EverQuest ilikuwa kali kupita kiasi: mhusika wako akifa, mali yake yote ilibaki kwenye maiti, na ilibidi urudi kuichukua ukiwa mikono mitupu. Usiporudi kwa muda uliowekwa, maiti ilioza na kila kitu kikapotea. Wapo wanaoikumbuka kwa mapenzi, wakisema hofu ile ilifanya ushindi uwe na ladha. Labda. Lakini fikiria mtu ambaye nguzo ya umeme imeanguka na mnara wa simu umezimika. Hofu yake haihusu zimwi la ndani ya gemu. Anaogopa mvua ya kweli, na hiyo haina ladha yoyote.

World of Warcraft ilipokuwa inajaribiwa kabla ya kutoka mwaka 2004, watengenezaji wa Blizzard waliweka kanuni ya uchovu: ukicheza muda mrefu, alama unazopata kwa kuua wanyama zinapungua hadi nusu. Wajaribuji walinung'unika sana. Kampuni ikaigeuza kanuni kichwa chini. Ikasema aliyetoka na kumwacha mhusika wake kwenye nyumba ya wageni atarudi amepumzika, na kwa muda atapata alama maradufu. Hesabu haikubadilika sana, lakini maana ilibadilika kabisa, manung'uniko yakaisha. Akiba hiyo ya mapumziko hujaa kwa siku kumi hivi. Kwa mkulima wa Milola anayerudi baada ya wiki mbili za shamba, gemu inamwambia karibu, una faida yako hapa. EVE Online, ya Iceland, iliyotoka mwaka 2003, haina wachawi, ina vyombo vya angani, lakini ilikwenda mbali zaidi: ujuzi wa rubani wako unaendelea kukua saa kwa saa hata ukiwa umelala. Hapo aliyekuwepo na asiyekuwepo wamekaribiana, na ustadi wa kweli, wa kujua lini kushambulia na nani wa kumwamini, unabaki kwa mtu mwenyewe.

Gemu moja inaweza kufaulu somo moja na kuanguka jingine, na mjuzi haisamehe kwa ajili ya jina lake. Final Fantasy XIV ilitoka mwaka 2010 ikiwa mbovu, ikajengwa upya na kurudi mwaka 2013, na mwongozaji wake Naoki Yoshida amesema hadharani kwamba mchezaji anaweza kuacha, akacheze vingine, kisha arudi. Kwa hadithi na vita ni kweli. Ila ukinunua nyumba ndani ya dunia hiyo na usiingie kwa siku 45, inabomolewa. Sababu ipo: viwanja ni vichache na wanaovitaka ni wengi. Hata hivyo uhaba huo haukuletwa na ardhi wala bahari, uliandikwa na mtu kwenye kompyuta. Uhaba wa kutengenezwa ukimwangukia aliyeondoka, hapo ndipo pa kukunja uso.

Kutoka kwa hiari ni jambo moja, kutolewa na mtandao ni jingine, na huku kwetu la pili ndilo la kila siku. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Lindi hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo amri yako kwenda na jibu kurudi haviwezi kuchukua chini ya sehemu 70 za elfu za sekunde, hata kila kitu kikienda sawasawa. Nyaya halisi huzunguka baharini, na kutoka kijijini hadi kwenye waya wa bahari kuna minara na foleni, kwa hiyo muda huongezeka mara kadhaa. Seva ikiwa Johannesburg, umbali ni kama kilomita 2,200, na hali ni nafuu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania na majirani ikadorora kwa siku kadhaa. Gemu inayodai ubonyeze kitufe kwa kasi ya kupepesa jicho haikuwahi kumfikiria mtu wa huku. Tazama badala yake Old School RuneScape, iliyofufuliwa mwaka 2013 na kuingia kwenye simu mwaka 2018. Dunia yake nzima hupiga hatua moja kila sehemu sita za kumi za sekunde. Amri ya Lindi ikichelewa robo sekunde bado inaweza kuingia katika hatua ileile na ya mchezaji wa London. Picha zake ni za kizamani, watu huzicheka. Mwendo huo wa pole ndio ufundi, na simu ya bei ya chini inaubeba. Albion Online nayo iko kwenye simu tangu mwaka 2021, na biashara yake ya ndani imesukwa vizuri, lakini ukiuawa katika maeneo yake mekundu na meusi unapoteza ulichobeba. Kwa mtandao wa kusuasua, hapo unavuliwa nguo na mnara.

Kuhusu fedha, kagua kalenda kabla ya bei. Gemu nyingi za bure hutoa zawadi kila siku unapoingia, na ukikosa siku moja, mfululizo unakatika na unaanza upya. Zawadi hiyo ni faini iliyopambwa. Yanayofuata ni masanduku ya bahati, unalipa bila kujua utapata nini. Ubelgiji iliyahukumu mwaka 2018 kuwa ni kamari, na gemu ya Diablo Immortal ilipotoka mwaka 2022 haikutolewa huko wala Uholanzi. Malipo ya mwezi, ambayo wengi huyaona ghali, kwa kweli ni ya wazi zaidi: unajua umelipa nini na lini. Ila nayo yana kasoro kwa mtu wa msimu, maana mwezi unahesabiwa hata kama siku ishirini ulikuwa unapalilia.

Pingamizi la kwanza ni zito, na linatoka kwa wachezaji wenyewe. Wanasema chama hakijengwi na watu wanaokuja na kupotea. Kama kutokuwepo hakuna gharama, kuwepo hakuna thamani. World of Warcraft ya mwanzo ilitaka watu 40 kwa wakati mmoja ili kuyakabili majitu yake makubwa, na urafiki uliozaliwa hapo ulikuwa wa kweli. Hilo sikatai. Mats Steen, kijana wa Norway aliyekuwa na ugonjwa wa misuli, alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25, na wazazi wake ndipo walipogundua kwamba mtoto waliyemdhania mpweke alikuwa na marafiki Ulaya nzima aliowapata ndani ya gemu hiyo. Lakini rafiki hapimwi kwa mahudhurio. Ushahidi uko kwa Blizzard wenyewe: kufikia mwaka 2014 walilegeza kanuni, na vita vingi vikubwa vikawa vinajirekebisha kwa idadi ya waliofika, kuanzia kumi hadi thelathini. Gemu iliweza kumhitaji aliyepo bila kumhukumu asiyekuwepo. Chama kizuri hufanya vivyo hivyo: kinamhifadhia mtu cheo chake, hakimsubirishi aombe radhi kwa kuwa alikuwa shambani.

Pingamizi la pili hutoka barazani, kwa wazee. Ya nini yote hayo, na bao lipo? Bao lina mashimo 32 na kete 64, halitaki chaji, na ukibanwa na fundi unamwona usoni akicheka. Kwa akili, sidhani kuna gemu ya majoka inayolifikia. Lakini bao halikupi cheo cha kubuni wala safari ya kundi, na beni inaonyesha kwamba hamu ya kuwa mtu mwingine kwa saa chache haikuletwa na simu. Wazee wako sahihi katika jambo moja: bao linaisha. Mtu anapigwa, anainuka, anakwenda kuswali. Gemu hizi hazina kete ya mwisho. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linautambua uraibu wa gemu kwa ishara tatu: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mambo mengine yote, na anaendelea ingawa madhara yanaonekana, kwa kawaida kwa muda wa miezi kumi na miwili. Wachezaji wengi hawafiki huko. China mwaka 2021 ilichagua njia ya amri, watoto chini ya miaka 18 saa moja tu jioni za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Amri ya aina hiyo inahesabu saa na kuiacha gemu yenyewe ilivyo, na saa moja ndani ya gemu ya masanduku ya bahati inaweza kuumiza kuliko saa tatu za kuvua samaki wa kubuni na rafiki aliye Tandahimba.

Kwa anayetaka kupima mwenyewe, njia ni kucheza wiki moja kwa utulivu, kisha kuiacha gemu wiki mbili bila kuaga. Hesabu jumbe zinazokuja simuni zikikuita. Ukirudi, angalia kitu cha kwanza kinachojitokeza: ni wenzako, ni njia uliyoishia, au ni tangazo la ulichokikosa na bei ya kukirudisha? Soma pia kampuni inavyowatendea wachezaji inapotaka kubadili mambo. Old School RuneScape hupeleka mabadiliko makubwa kwenye kura ya wachezaji, na kwa miaka mingi ilitaka asilimia 75 ya ndiyo ndipo yapite.

Na kipimo kina upande wake wa pili, maana kampuni nayo huondoka. City of Heroes ilizimwa na NCSoft tarehe 30 Novemba 2012, wahusika wa miaka minane wakapotea na seva zao. Baadhi ya mashabiki waliiendesha kwa siri, jambo likafichuka mwaka 2019, na Januari 2024 kundi la mashabiki liitwalo Homecoming lilipewa leseni na kampuni ileile kuendelea nayo. Kabla ya kutumia bando la mwezi kupakua gemu yoyote, uliza basi kama dunia hiyo ina watu wanaoipenda kiasi cha kuiokota.