Vifungo vya Mama

Katika riwaya ya watoto All-of-a-Kind Family (1951), Sydney Taylor anaturudisha New York ya 1912, kwenye nyumba ya Kiyahudi yenye mabinti watano. Hawapendi kupangusa vumbi, basi mama anaficha vifungo sebuleni. Atakayevipata vyote, kazi yake imekamilika. Nilicheka, kisha nikasita. Alhamisi tunamwona mama sokoni. Ijumaa jioni anawasha mishumaa, nyumba inang'aa, Sabato inaingia. Uchovu wake hatusimuliwi. Huo ni upungufu wa kitabu, na pia ndio ukweli wake, kwa sababu Taylor anasimulia kwa macho ya mtoto. Mimi ni mtu mzima, na bado sijamuuliza mama yangu alikuwa akilala saa ngapi.