Hongera kwa Fundi Anayepanga Vikatio

Tangu kampuni ya Kearney & Trecker ya Milwaukee, Marekani, ilipotoa Milwaukee-Matic mwishoni mwa miaka ya 1950, baadhi ya mashine za kuchonga chuma zimekuwa zikijibadilishia vikatio zenyewe. Mashine husifiwa sana. Mimi nampongeza fundi anayevipanga vikatio hivyo. Mtazame akiandaa tundu la bolti ya M10: keekee ya kuanzishia, keekee ya milimita 8.5, kisha tepu ya kukata hesi. Hufuta kishikio cha kila kimoja kikang'aa, maana chembe moja ya chuma ikibaki, kikatio kitayumba. Ndipo anapima urefu na kuuingiza kwenye kompyuta. Akichanganya namba, keekee yaweza kushuka kwa kasi ikagonga kipande kinachochongwa! Kikatio kikivunjika, anaweka kingine na kupima upya, bila kukisia hata kidogo.