Mtaro Huchorwa Kufuata Maji

Mwanafunzi anayejifunza kuchora ramani kwa kompyuta hukimbilia paa. Picha ya setilaiti inamwonyesha bati linalong'aa, anabofya pembe zake nne, anaona nyumba imekwisha. Mwenye ujuzi humrudisha taratibu. Picha ilipigwa kwa mshazari, kwa hiyo paa la ghorofa limeegemea upande. Kinachotafutwa ni msingi, pale ukuta unapokutana na ardhi. Umbo husogezwa mpaka likae mahali pake. Hata picha nzima hulinganishwa kwanza na njia zilizorekodiwa kwa GPS, maana huweza kuwa imehama mita kadhaa.

Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwafundisha kazi hii wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Ardhi, bega kwa bega na wakazi wa kata zinazofurika. Walichochora kimo katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004.

Mimi huduwaa zaidi kwenye mitaro. Katika ramani hiyo, mtaro huchorwa kufuata maji: nukta ya kwanza huwekwa yanakotoka, ya mwisho yanakokwenda. Picha ya kiangazi haisemi maji yanaelekea wapi. Ni lazima mtu aende kata kama Tandale kwa miguu, apime upana na kina, aandike kama mtaro ni wa zege au wa udongo mtupu, na wapi umezibwa na taka. Kisha amuulize mama mwenye nyumba maji yalifika wapi mvua iliyopita. Mama huweka kiganja ukutani. Kimo hicho hupimwa, kikawa namba, na namba ikahifadhiwa pamoja na mahali pake.

Hapo ndipo mwanafunzi anapouelewa mfumo wa taarifa za kijiografia. Kila mstari una jedwali lake. Tabaka la nyumba likilazwa juu ya tabaka la mitaro, programu huonyesha ni nyumba zipi zimepakana na mtaro ulioziba. Mstari ukichorwa kinyume, hesabu ya mafuriko huyapandisha maji mlimani, na mtaa unaozama huonekana salama. Ndiyo maana namheshimu anayerudi mtaani kuhakiki mita 20 tu za mtaro.

Mwalimu wa jiografia, QGIS, programu ya kazi hii ya ramani, ni ya bure. Anza na mtaro unaopita nyuma ya shule yako, na uwapeleke wanafunzi wakati mvua inanyesha.